Samaki wako hana njaa

Ukisogea karibu na tangi la samaki, wote wanakimbilia juu, vinywa wazi, mikia ikitikisika kana kwamba hawajaona chakula tangu juzi. Wangu walinifanyia hivyo hata dakika kumi baada ya kula, nami nikawahurumia, nikawaongezea kidogo. Kumbe walishajifunza tu kwamba huyu mtu akitokea, kuna kitu kinadondoka.

Huruma hiyo iliniulia samaki sita kwa wiki moja. Walianza kuhema juu ya maji, matamvua, yaani viungo vyao vya kupumulia, mekundu kupita kawaida, kisha wakaondoka mmoja mmoja. Nikakimbilia dawa, kama afanyavyo kila mgeni wa ufugaji huu. Siku nilipofyonza uchafu wa changarawe kwa mpira ndipo nikaona: kila nilipoichokonoa lilifumka wingu la kahawia, ndani yake punje za chakula zilizovimba na kuota utandu mweupe kama pamba. Na maji yenyewe, kwa kuyatazama, yalikuwa maangavu, hayana doa.

Tangu hapo nagombana na wanaoona lishe ni habari ya samaki. Kwangu mimi ni habari ya maji. Chakula kisicholiwa kinaoza na kutoa amonia, sumu kwa samaki. Kilicholiwa nacho hurudi majini kama amonia, sehemu kubwa kupitia matamvua. Bakteria waliojishika kwenye filta, yaani kichujio cha maji, na changarawe huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha nitrati, ambayo samaki huivumilia zaidi. Katika tangi jipya bakteria hao huhitaji kama wiki 4 hadi 6 kufikia idadi ya kutosha. Wewe ukiwa umeshamwaga chakula cha samaki thelathini siku ya tatu, wataiwezaje?

Na mimi niliongeza kosa juu ya kosa. Siku chache kabla ya vifo hivyo niliosha sponji ya filta kwenye bomba mpaka ikarudi kuwa mpya. Usafi ulioje! Maji yale yenye klorini yaliwafagia bakteria niliokuwa nikiwategemea. Siku hizi naikamulia kwenye ndoo ya maji niliyoyatoa tangini, inabaki na rangi ya chai, na naiacha hivyohivyo.

Kulisha kwenyewe hakuna ufundi mkubwa. Natoa kinachomalizika ndani ya dakika 2, mara moja au mbili kwa siku, na siku moja kwa wiki sitoi kabisa. Samaki mzima mwenye afya hadhuriki. Vifaranga ndio wa kulishwa kidogokidogo mara nyingi, maana wanakua. Aina ya samaki nayo itazame: yule aitwaye beta ni mla nyama, na samaki wa dhahabu hana mfuko wa tumbo, chakula kinapita moja kwa moja hadi utumboni, hivyo mlo mmoja mkubwa haumfai.

Kuna jambo linaloniudhi: kununua kambare wadogo wa chini eti wawe wafagiaji wa mabaki. Hao ni samaki, si ufagio. Wanahitaji punje zao zinazozama, na wanajisaidia kama wenzao. Ukimtegemeza mabaki, utamkuta amekonda tumbo limeingia ndani huku changarawe bado ni chafu.

Chakula chenyewe nanunua kopo dogo. Likishafunguliwa vitamini C hupotea mapema, na kopo kubwa la mwaka mzima ni kulisha makapi.

Robo ya maji nabadilisha kila wiki, mapya yakiwa yameondolewa klorini na yanakaribiana joto na ya tangini. Na kabla ya chupa ya dawa, nunua kipimo cha maji. Amonia isome 0, nitriti 0. Ikizidi hapo, dawa iache kabatini, funga kopo la chakula, chukua ndoo.