Siku Nilipompa Fundi Buti Zangu

Katika safari hii mtaalamu nilikuwa mimi. Hakuna aliyeniteua, nilijiteua mwenyewe, kwa sababu kati yetu wanne ni mimi peke yangu niliyekuwa na buti za mlima. Shemeji, Binamu na yule tunayemwita Kamera, maana hajapata kutazama kitu kwa macho matupu, wote walifika Ngazija, kisiwa kikubwa cha Komoro, na raba za kawaida. Nikawahurumia. Nikawaeleza kwamba Karthala si kilima cha matembezi ya jioni: ni volkano iliyo hai, mita 2,361 kutoka usawa wa bahari, na mawe yake ya lava hula raba kama panya anavyokula sabuni. Shemeji aliponiuliza kama buti zangu hazinilemei, nikamjibu ng'ombe haelemewi na nunduye.

Nunduye yenyewe nilikuwa nimeinunua miaka minane nyuma, kwa ajili ya mlima mwingine ambao sikuupanda. Nikazifungia buti kabatini. Mara mojamoja nilizitoa, nikazifuta vumbi, nikazitazama, nikazirudisha. Sasa, nani angenitonya kwamba soli za buti za aina ile zina tabaka la povu la plastiki linaloliwa na unyevu taratibu, hata kiatu kikiwa kimekaa tu? Tena kiatu cha kukaa ndicho kinachoharibika upesi kuliko cha kuvaliwa. Miaka minane nilikuwa natunza keki.

Tulianzia Mvuni, juu ya mji wa Moroni, na mtu wa kutuongoza tuliyepatiwa hapo kijijini. Kila tuliyepishana naye, mzee kwa mtoto, alimwamkia "Fundi". Nasi tukamwita Fundi. Alivaa ndala za plastiki, amebeba gunia begani. Alisema Kingazija chake polepole, na akachanganya Kiswahili alichookoteza kwa mjomba aliyewahi kukaa Unguja. Sisi tukajibu kwa Kiswahili chetu, na tukaelewana robo tatu. Robo iliyobaki ndiyo iliyotuponza.

"Fundi wa nini?" Kamera alininong'oneza.

"Mtazame mikono," nikasema. "Seremala huyo."

Kabla hatujaingia msituni, nikamwaga nusu ya maji yangu ili kupunguza mzigo. Fundi alinitazama kama mtu anayeona mwenzake akichoma noti. "Huku hakuna mto," akasema. Nikadhani anamaanisha hapo tulipo. Kumbe alimaanisha kisiwa chote. Miteremko ya magharibi ya Karthala hunyeshewa mvua ya ajabu, mahali pengine zaidi ya mita tano kwa mwaka, lakini mwamba wa lava una vitundu na nyufa kama sifongo, unainywa yote, na Ngazija nzima haina mto hata mmoja unaotiririka mwaka mzima. Watu hukinga mvua kwenye mabirika, yaani matangi ya kuhifadhia maji. Mwaka 2005 mlima ulipolipuka, majivu yaliingia kwenye mabirika hayo, na kisiwa kilichozungukwa na bahari kikakaa na kiu. Haya yote Fundi alitueleza akitembea, kwa mpangilio mzuri kabisa, na kila akimaliza jambo alisimama na kuuliza kama tumeelewa. Ningekuwa na akili ningeshtuka hapo. Seremala gani anauliza kama umeelewa?

Msitu wa Karthala ni mzuri, ila sikuuona sana, maana saa ya tatu ya kupanda nilianza kupigiwa makofi. Pa. Pa. Pa. Nikageuka, hakuna mtu. Nikaenda tena: pa, pa. Ilikuwa soli ya kulia, imeachana na kiatu mbele, inapiga chini kila hatua. Nusu saa baadaye ya kushoto ikajiunga. Nikawa nashangiliwa na miguu yangu mwenyewe mlima mzima, na nyuma yangu nadondosha unga mweusi kama mtu anayeogopa kusahau njia. Raba za wenzangu hazikuwa na hata mchubuko. Ndala za Fundi ndiyo usiseme.

Tulipofika pale Wafaransa walipopaita La Convalescence, yaani mahali pa mgonjwa kupata nafuu, soli zote mbili nilikuwa nimezishika mkononi.

Tukafunga mahema, tukawasha moto. Giza likaingia, na bundi akaanza: mlio mmoja, uleule, bila kupumzika. Shemeji akavuta blanketi hadi puani. Kwao bundi akilia mtu anaanza kutafuta sanda. Fundi akatutuliza: bundi huyu hapatikani kokote duniani isipokuwa kwenye mlima huu, kwa hiyo tushukuru kumsikia. Shemeji akasema yeye anashukuru, ila bundi angeweza kunyamaza na shukrani zingebaki palepale.

Hapo nikaona ndiyo nafasi yangu. Nikachukua buti na soli zake, nikazipeleka kwa heshima zote, kwa mikono miwili.

"Fundi, nisaidie. Nitengenezee."

Akazipokea. Akazitazama. Akanitazama. "Mimi?"

"Wewe tena! Nani mwingine?"

"Fundi ndiye wewe!" Binamu akapiga debe kutoka ndani ya hema.

Akakaa kimya kidogo, kisha akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa wasia na marehemu. Nilipopitiwa na usingizi nilimwona bado yuko kando ya moto, msumari umeiva kwenye makaa, anatoboa soli kwa ulimi nje, tochi ameibana kwapani na betri ziko ukingoni. Bundi analia, fundi anatoboa.

Tuliamshwa saa tisa usiku tuwahi mapambazuko kileleni. Buti zangu zilikuwa tayari, na kazi yenyewe nilivua kofia: amefunga kamba ya hema kupitia kwenye matundu, akazungusha kipande cha gunia juu yake, akafunga tena, mafundo kama ya jahazi. Haikuonekana soli wala kiatu, ilionekana furushi. Nikavaa, nikapiga mguu chini. Imara kama gati.

Kitu kimoja tu kilinisumbua. Ardhi ilikuwa imeinama vibaya. Popote nilipokanyaga, vidole vilikuwa juu na visigino chini, hata mahali ambapo wenzangu walitembea wamenyooka. "Hapa pana mwinuko mkali," nikasema. Binamu akasema hapa ni tambarare. Nikamweleza kwamba milima ya volkano ina miinuko ya kificho ambayo mtu asiyezoea hawezi kuihisi. Nilitembea saa tatu nimeegemea mbele kama naisukuma gari iliyoharibika, mapaja yanawaka, nikitoa elimu njia nzima.

Jua lilichomoza tukiwa ukingoni mwa kaldera. Hapo hata Kamera alishusha kamera. Ni bonde la majivu na mawe meusi, kilomita tatu kwa nne hivi, kuta zimelizunguka, na ndani yake shimo kubwa waliloliita Chungu Chahale. Sisi masikio yetu yalisikia chungu na yakaridhika: hili kweli ni chungu, na mlima ndiyo mafiga. Tukateremka ndani, tukavuka majivu laini, tukakaa kwenye mwamba mpana tukala. Ukungu nao ukaingia kama mgeni asiyebisha hodi. Ndani ya dakika kumi sikumwona Shemeji niliyekuwa nashirikiana naye mkate.

Maji yangu yalikuwa yameisha. Kisha nikasikia, si mbali: chiiiii. Nikasema, si ndiyo hayo? Kijito! Watasema nini sasa? Nikainuka kimya, nikaenda hapo tu.

Hapo tu palikuwa na ufa kwenye jiwe unaotoa mvuke. Maji yalikuwepo kweli, ila yalikuwa yameshachemka. Nikageuka, sikuona mbele wala nyuma. Nikaita, ukungu ukameza. Nikakumbuka kanuni, ukipotea tulia ulipo, wenzako watafuata nyayo zako kwenye majivu. Nikakaa. Jiwe lilikuwa na joto la kupendeza mwanzoni. Halafu nikaanza kukumbuka mengine. Usiku Fundi alitueleza kwamba mwaka 1991 maji ya chini ya ardhi yalikutana na moto, na mlima ukalipuka kwa mvuke mtupu, bila hata lava. Chiiiii, ufa ukasema. Nikasogea. Nimekaa ndani ya chungu, nyama iko peke yake, na maji yanachemka.

Upande wa pili mambo yalikwenda hivi, kama nilivyosimuliwa.

Baada ya robo saa Fundi alishuka kutoka mwambani akazunguka, ameinama kwenye majivu. Akarudi na jibu. Asubuhi, akasema, tulikuja watano. Lakini majivu yanasema wamekuja wanne. Wa tano, mwenye buti, nyayo zake hazikuja. Zinaondoka, zinarudi njia ya kambini. Na upande ule kuna nyayo zake nyingine, zinatoka kwenye ukungu zinakuja hapa. "Basi hesabu ni nyepesi," akasema. "Alitoka kule, akapita hapa, akaenda kambini."

"Sasa asubuhi alifikaje hapa?" Binamu akauliza.

Hakuna aliyekuwa na jibu. Shemeji akasema pengine niliruka.

Wakapanda kaldera, wakateremka hadi kambini, njia nzima wakifuata unyayo wangu mmoja baada ya mwingine, wakinilaani kwa kuwakimbia bila kuaga. Mlangoni mwa hema langu palikuwa na tope, na kwenye tope nyayo zangu, wazi kabisa, zinaingia ndani. Binamu akasema, "Amelala huyu mvivu." Akafungua zipu. Hema tupu.

Shemeji alikaa chini. Mtu ameingia hemani, hakutoka, na hayumo. Akaanza kusoma Ayat al-Kursi kwa sauti, na kati ya pumzi akawakumbusha kwamba yeye alisema kuhusu yule bundi.

Aliyeniokoa ni Kamera. Alikuwa amekaa kwenye gogo anapitia picha zake za asubuhi, labda achague ya kuweka kwenye matangazo ya msiba, akafika kwenye moja iliyonipiga nikiruka jiwe, mguu juu. Akaikuza. Akaikuza tena. Akaigeuza kamera, kisha akakigeuza kichwa.

"Fundi," akasema polepole, "kisigino kwa kawaida kinakaa wapi?"

Walinifikia karibu saa sita mchana, ukungu umeshaondoka. Nilikuwa hatua themanini kutoka kwenye ule mwamba, nimekaa kwenye jiwe langu la nne, na nimeshaandika wasia kichwani ambao Binamu hakuwamo. Nilidhani watakuja na maji. Walikuja na kicheko. Binamu alikuwa amejilaza kwenye majivu. Fundi peke yake hakucheka. Alipiga magoti mbele yangu, akashika buti, akapitisha kidole pale mbele, kwenye kisigino.

"Nisamehe, kaka. Kulikuwa na giza."

"Lakini wewe ni fundi!"

"Ndiyo. Darasa la nne."

Kimya. "Darasa la nne la nini?"

"La skuli. Nafundisha hesabu. Na kusoma." Akaonekana anashangaa kwamba tunashangaa. "Sisi fundi ni mwalimu. Nyinyi mnasemaje?"

Hapo nilitamani ule ufa unimeze. Mtu anayefundisha ni fundi. Sisi wenyewe tuna kufunda, tuna kufundisha, tuna mwanafunzi, neno limekaa mezani kwetu miaka yote, na hakuna kati yetu wanne aliyeliona. Nilimkeshesha mwalimu wa watu kandoni mwa moto na msumari, na kwa adabu yake hakuweza kumkatalia mgeni.

Tulijaribu kuzirekebisha. Mafundo yalikuwa yamelowa ukungu yakavimba, na kisu kilikuwa kambini. Nikashuka hivyohivyo. Na hapa naomba niaminiwe: kwa kuteremka, hakuna kiatu duniani kama kile. Mlima umeinama mbele, soli imeinuka mbele, mguu unakaa sawasawa kama uko sebuleni. Wenzangu waliteleza, walikaa chini, walishikana na miti. Mimi nilishuka Karthala nimenyooka kama bwana harusi.

Tukaingia Mvuni jua likikaribia kuzama. Watoto wakaja mbio, "Fundi! Fundi!", wakamshika mikono. Mmoja, msichana mdogo, hakumkimbilia. Aliinama njiani akikagua tope. Fundi akamwona. Sijui kama ni uchovu au ni ualimu tu usiolala, akamwita, akamwonyesha nyayo za buti zilizotapakaa nyuma yetu, na kunionyesha mimi hakunionyesha. Akauliza kitu kwa Kingazija, polepole kiasi kwamba hata sisi tulielewa: huyu mtu amekwenda wapi?

Msichana akazifuata nyayo kwa macho, kutoka miguuni pangu hadi zilipopotelea migombani, akanyoosha kidole mlimani.

"Je, ameshashuka?"

Akatikisa kichwa. Bado.