Acheni kumwambia kila anayeanza apasue mbao kwa chenso

Jamani hii nimekutana nayo tena wiki hii na imeniudhi kweli. Mtu ana magogo yake mazuri, anauliza aanzeje kupasua mbao hapo nyumbani, watu wanamjibu chukua chenso, yaani msumeno wa mnyororo, ifunge kwenye fremu, ni bei nafuu, mashine ya msumeno wa mkanda utanunua mbele ya safari. Nafuu iko wapi?

Hebu piga hesabu. Gogo umeshalichonga mraba, upande mmoja 330 mm, unataka mbao za 25 mm. Mnyororo unakula kama 8 mm kila ukipita, unatoka na mbao 10 basi. Msumeno wa mkanda unakula kama 2.5 mm tu, gogo hilohilo linakupa 12. Yaani mbao mbili nzima zimegeuka vumbi, na hilo ni gogo moja, mti umekua miaka yote ile halafu unamwagwa chini hivihivi, mafuta nayo yanateketea na mgongo unakuuma maana umeinama kutwa unasukuma kitu kinachotetemeka, na mbao zikitoka zina makovu kiasi kwamba randa itakula tena. Inaniuma sana.

Haya, gogo likiwa korongoni au likiwa nene kuliko mdomo wa mashine, chenso itumike. Na anayetaka mbao za benchi lake moja tu simkatazi.

Mashine ya kufunga sehemu moja au ya magurudumu? Angalia magogo yako wapi. Gogo bichi la kipenyo cha sm 50 na urefu wa mita 3 linaweza kupita nusu tani, sasa kama yametawanyika bora mashine iyafuate. Ya kufunga inataka msingi ulio levo kabisa, reli ambazo msumeno unapita juu yake zikienda upande mbao inatoka nene huku nyembamba kule.

Pesa ya mikanda ya akiba na ya kunoa itengwe tangu siku ya kwanza. Magome yenye udongo yasafishwe, mchanga unamaliza meno upesi, na misumari itafutwe kabla hujawasha. Barakoa vaa, vumbi la mbao linasababisha saratani.

Na tafadhali, banda la kukaushia lijengwe kabla ya kupasua, mbao zipangwe na vijiti katikati hewa ipite, ncha zipakwe rangi zisipasuke. Mbao ya 25 mm ikikaushwa na upepo inaweza kuchukua hata mwaka.