Wengi wape, hata wakiwa wanakosea?

Nimeisoma tamthiliya ya Kinjeketile mara nne, na kila mara nimetoka nimegombana na mtu tofauti. Mara ya kwanza, shuleni, niligombana na Wajerumani, kama mtihani ulivyotaka. Mara ya pili nikamkasirikia Kinjeketile mwenyewe: umewapa watu maji ya dawa ya kuzuia risasi, watu wamekwisha, sasa uko kifungoni unaambiwa useme maji yalikuwa uongo ili upone, na bado hutaki. Mara ya tatu nikamgeukia Kitunda, jemadari wake. Safari hii ya nne niliisoma usiku mmoja bila kuinuka kitini, na niliyegombana naye ni mtu ambaye sikuwahi kumhesabu kuwa mhusika: umati.

Kwa ambaye hajaisoma, Ebrahim Hussein aliitoa mwaka 1969, na kisa chake kimejengwa juu ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, kusini mwa Tanzania ya leo. Mwandishi mwenyewe anatuonya mapema kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe cha sanaa, tusimchanganye na yule wa historia. Yule wa historia, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, majuma machache tu baada ya Wamatumbi kung'oa pamba ya serikali kule Nandete. Vita vikaendelea bila yeye hadi 1907. Mimi hapa namzungumzia wa jukwaani, lakini tarehe hiyo naomba tuishike, maana inafaa mbele ya safari.

Shuleni tulifundishwa kuorodhesha sifa zake. Jasiri. Mzalendo. Mwenye kuunganisha watu. Ukiziandika zote tatu na mfano mmoja mmoja unapata alama zako, unafunga daftari. Sina ugomvi na orodha hiyo, ila inamruka Kinjeketile mahali pale hasa anapokuwa mgumu kumeza. Kumpinga Mjerumani kunahitaji moyo, hakuna anayebisha. Lakini ukimpinga Mjerumani, kijiji kizima kiko nyuma yako kinakuimbia. Je, siku utakapotakiwa kukipinga kijiji?

Turudi yalikoanzia yale maji, kwenye mto Rufiji. Kabla ya maji, watu wa tamthiliya hii wanateseka kila mmoja kivyake. Wanachapwa, wanalimishwa pamba, wanatozwa kodi, na wakikutana jambo la kwanza ni kutazamana kwa mashaka, huyu kabila hili, yule kabila lile. Kitunda anajua kwamba bila umoja hakuna vita, na umoja haupatikani kwa maneno yake. Kisha Kinjeketile anaingia Rufiji, watu wanangoja, wanakata tamaa, naye anaibuka akiwa mkavu. Anasema kwa sauti isiyo yake. Maji haya ni dawa, risasi haitawadhuru. Kwa tukio hilo moja, yaliyokuwa yameshindikana yanawezekana. Makabila yanakaa pamoja. Wanaume wanakubali kufundishwa vita na Kitunda.

Katika maneno yale yale ya mtoni kulikuwa na jambo jingine. Kwamba baada ya kumshinda Mjerumani watakuwa watoto wa Seyyid Said. Watu wamesikia, hawakulitilia maanani, furaha ya dawa imelifunika. Kinjeketile anapozinduka na kuelezwa alichokisema, yeye ndiye anayekwama hapo. Watoto wa Seyyid Said? Sultani wa Unguja? Yaani tumtoe bwana mmoja tumpokee mwingine? Na anaanza kuhisi kwamba ametumiwa, kwamba kinywa chake kimeazimwa na kitu asichokijua.

Kila nikifika hapo nasimama. Fikiria amezungukwa na nani. Kila anayemtazama anamtazama kama mkombozi. Hakuna hata mmoja aliyemwomba afikiri. Wote wanamwomba jambo moja, aseme twende. Na yeye, kwa sababu ya neno moja ambalo wengine wote wamelipita, anasema subirini.

Kwa maoni yangu hicho ndicho kitendo chake kikubwa cha uongozi katika tamthiliya nzima, na sikumbuki kama kiliwahi kutokea kwenye jibu la mtihani. Subirini. Hakina ngoma wala hakipendezi jukwaani. Ukiigiza, mwigizaji wa Kinjeketile anatamani aruke haraka hadi kwenye pingu, ambako kuna sauti na machozi. Lakini mtu kutamka subirini mbele ya watu aliowawasha mwenyewe, huku akijua kwamba neno moja la kinyume lingempa utukufu wote, hiyo ni dhamiri iliyosimama kwa miguu yake.

Tuna methali yetu: wengi wape. Mwisho wake, ambao watu huuacha, ni usipowapa watachukua. Hussein ameandika sehemu ile kana kwamba ameikunjua methali hii hadi ncha. Kinjeketile hakuwapa, wakachukua. Neno alilolizaa limekua, limempita kimo, sasa linaweza kutembea peke yake na halimhitaji. Vijana wanaoamini maji kwelikweli hawana haja ya mtu wa kuwaambia wangoje. Wanaingia vitani, na bunduki za Wajerumani zinafanya kazi yake.

Hapa ndipo nitakapomlaumu, na najua wapo watakaochukia. Ninavyoisoma mimi, subirini yake ilikuwa nusu ya neno. Aliomba muda, hakuanika shaka. Hakusimama mbele ya wale vijana akawaambia waziwazi, jamani, mimi mwenyewe maji haya siyaamini tena kama mnavyoyaamini ninyi. Anayebeba mzigo huo pamoja naye ni Kitunda, ambaye tangu awali alitaka watu wafundishwe vita badala ya kuegemea dawa. Sababu naielewa. Maji ndiyo yaliyokuwa yameshika makabila pamoja. Ukiyaondoa, unarudi kwenye kutazamana kwa mashaka. Alikuwa na hofu ya kuvunja kitu kizuri kwa kusema kweli. Nani kati yetu hajawahi kuwa na hofu hiyo?

Mara nyingi watu wakitafuta mfano wa mhusika mwenye msimamo wake katika fasihi yetu humtaja Karama wa Kusadikika, kitabu cha Shaaban Robert cha 1951. Ni haki yake. Karama anashtakiwa na Majivuno kwa kosa la kufundisha sheria, anasimama mbele ya mfalme na baraza, na kwa siku sita anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa huku na huko, wakarudi na mema, wakalipwa kifungo. Nampenda Karama. Ila, na hili nalisema kwa heshima, kazi yake ina unafuu mmoja: anajua adui yuko upande gani. Majivuno ana jina la Majivuno! Ukishtakiwa na mtu wa jina hilo hata msomaji wa darasa la tano anajua asimame na nani. Kinjeketile hana Majivuno wa kumkabili. Alio nao mbele yake ni wanaume wenye makovu ya viboko mgongoni, na madai yao ni ya haki tupu. Tatizo lao ni moja tu, wanachotaka kukifanya kesho asubuhi kitawaua.

Niseme kwa nini safari hii umati ndio ulioniudhi. Ni kwa sababu niliwahi kuwa ndani yake.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa kibarua kiwandani. Ovataimu yetu ilikuwa hailipwi sawasawa, na hilo lilikuwa kweli. Tukakutana wakati wa kubadilishana zamu, nyuma ya stoo, tuandike barua. Kijana mmoja mwenye maneno akashika kalamu, na katika kuandika, saa zikaanza kuongezeka. Saa thelathini zikawa hamsini. Hakuna aliyesema kitu. Zilipendeza, na barua ilikuwa na nguvu zaidi. Karatasi ikaanza kuzunguka kwa ajili ya sahihi. Ilipofika kwa mama mmoja wa kitengo cha kufungasha, ambaye sote tulimwita Bi Mkubwa, akaisoma polepole, akavua miwani, akaisoma tena.

"Wanangu," akasema, "hizi saa tulizifanya lini?"

Kimya. Kisha kelele. Mmoja akamwambia, Bi Mkubwa, hao nao si wanatuibia? Mwingine akasema anaogopa kupoteza kazi. Mimi sikusema lolote, lakini nilicheka wengine walipocheka, na naikumbuka sauti ya kicheko changu kuliko maneno ya yeyote. Yeye akairudisha karatasi mezani. Akasema, "Andikeni zile tulizofanya, nitaweka dole gumba la kwanza. Hizi siweki." Akafunga kanga yake vizuri akaenda kupanda daladala.

Barua ikaenda bila yeye. Uongozi ukakuta saa zile, ukashikilia hapo hapo, na madai yetu ya kweli yakazama pamoja na yale ya kubuni. Hilo lilitarajiwa. Lililonishangaza ni lililofuata. Bi Mkubwa akaitwa ofisini. Walikuwa wamegundua kwamba jina lake halimo, wakataka atoe maelezo ya maandishi kwamba wenzake ni waongo. Aliyenieleza ni dada aliyekuwa akifanya usafi ofisini siku hiyo. Bi Mkubwa akawajibu kwamba alichokuwa nacho cha kuwaambia wenzake alishawaambia wenyewe, na kwamba kama ofisi inataka maelezo yake, atawaandikia saa zake alizofanya na hazijalipwa. Akaziandika, ukurasa mmoja, akawaachia.

Sikujua wakati ule kwamba nilikuwa nimeshapewa ufunguo wa onyesho la mwisho la Kinjeketile. Kule kifungoni, Kitunda anamsihi: sema maji yalikuwa uongo. Kitunda hasemi vile kwa woga. Ni mtu mkweli, anataka ukweli usemwe. Kinjeketile anakataa, kwa sababu anatazama ni nani atakayeupokea ukweli huo na atautumia vipi. Akikiri mbele ya Wajerumani, kesho hawatasema maji yalikuwa uongo. Watasema kudai uhuru kulikuwa uongo, na watoto wataambiwa babu zenu walikosea kuinuka. Neno limeshazaliwa, anashikilia, na wajukuu watalisikia. Wanampiga kwa hilo.

Nilipokuwa kijana niliona ukaidi. Mtu anaukwepa ukweli akauita ushujaa. Sasa naona tofauti ambayo Bi Mkubwa aliiona bila kusoma tamthiliya yoyote: lipo la kuwaambia watu wako, na hilo huwezi kumuuzia anayewakandamiza. Dhamiri yake haikuwa mali ya umati, na haikuwa mali ya ofisi pia. Kinjeketile alishika nusu ya pili kikamilifu kuliko mtu yeyote ninayemfahamu katika fasihi ya Kiswahili. Nusu ya kwanza ilimponyoka, na tamthiliya ni tanzia kwa sababu hiyo, si kwa sababu Wajerumani walikuwa na bunduki nzuri. Bunduki zilikuwepo tangu ukurasa wa kwanza.

Na ile tarehe ya 4 Agosti 1905? Ukiiweka kando ya tamthiliya inatisha kidogo. Mtu amenyongwa vita vikiwa vichanga, na neno lake likatembea hadi Ungoni bila mwenyewe, likawapa watu moyo na likawapeleka mbele ya bunduki kwa pamoja. Waliokufa, kwa risasi na zaidi kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa, wanahesabiwa kwa makumi elfu na wapo wanahistoria wanaofika laki mbili na zaidi. Ndiyo maana siwezi kuisoma ile subirini kama kusitasita kwa mtu dhaifu. Nasoma nikitamani angeisema tena, kwa sauti kubwa zaidi, na sababu yake juu.

Kuna rafiki yangu mwalimu ambaye hakubaliani nami kabisa. Anasema Kinjeketile angeanika shaka yake, umoja ungevunjika usiku ule ule na Wajerumani wangetawala bila hata kutoka jasho. Huenda. Nilimuuliza, na Kitunda je, si alikuwa na jibu la tatu, mazoezi? Akasema mazoezi hayaunganishi watu, imani ndiyo inayowaunganisha. Tumeachana hapo, tukiwa bado marafiki, ingawa kitabu changu hajarudisha.

Bi Mkubwa alistaafu mwaka uliofuata. Tukachanga, tukamnunulia vitenge viwili na beseni kubwa la bati, na aliyesimama kutoa hotuba ya kumuaga ni yule yule kijana wa kalamu. Akamwita mtu wa watu. Bi Mkubwa alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi, na wenzake wa kufungasha wakapiga vigelegele, wakidhani ni furaha.