Rwanda na mitumba: kwani walipoteza kiasi gani?

Tukikaa kijiweni stori ya biashara na Wamarekani ikianza, lazima mtu aitaje Rwanda na mitumba, na inatajwaga kwa kejeli, eti walijifanya wababe wakachapwa. Mi naona hiyo stori inapigwa nusu.

Kwa aliyesahau: 2016 marais wa Afrika Mashariki walikubaliana mitumba ipungue taratibu hadi 2019 iwe imeisha. Wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani wakaenda kulia kwa serikali yao, wakasema ajira 40,000 zitapotea kwao (hesabu wamepiga wenyewe), na serikali ikaanza kuulizia kama bado tunastahili AGOA, ule mpango wa tangu 2000 unaoruhusu bidhaa zetu kuingia kule bila ushuru. Kenya, Tanzania na Uganda tukarudi nyuma. Rwanda wakakomaa, na Julai 2018 nguo zao zikaondolewa kwenye msamaha wa ushuru.

Sasa hebu angalia kilichoondolewa. Wamarekani wenyewe walisema ni mauzo ya kama dola milioni 1.5 kwa mwaka, kama asilimia 3 ya vyote ambavyo Rwanda inawauzia. Milioni moja na nusu jamani! Hiyo hela hata kilomita tano za lami hupati, na kahawa yao haikuguswa kabisa. Kwa hiyo walipiga hesabu wakaona bora waikose hiyo kuliko kuachia sera nzima ya viwanda, na mi sioni ujinga uko wapi hapo. Ndo maana pia siwezi kuwaita Wakenya waoga, wao walikuwa na viwanda vya Athi River, maelfu ya watu wanashona jinzi za kwenda Marekani, ukigusa pale unagusa chakula cha watu.

Tena Rwanda hawakufunga mpaka, walipandisha ushuru tu, kutoka senti 20 hadi dola 2.50 kwa kilo. Chukua belo la kilo 45: zamani ushuru ni dola 9, sasa ni 112 na nusu, na hapo hujalipia belo lenyewe.

Na aliyeumia kwenye hiyo 112 ni nani? Si waziri. Ni yule mama anayenunua belo kwa hela ya mkopo, linakatwa kamba asubuhi anaomba Mungu ndani kusiwe na masweta matupu. Hilo siwezi kulikwepa, mi mwenyewe nguo zangu nyingi ni za soko la mitumba la Karume. Na wanaosema mitumba peke yake ndo iliua viwanda vyetu vya nguo kina Urafiki na Mwatex wanarahisisha mno, kulikuwa na mashine chakavu, umeme, na soko lililofunguliwa ghafla. Ukitoa mitumba leo kesho nguo mpya za China zinajaa hapo hapo, cherehani zetu zinabaki zilivyo.

Ila kinachonikera ni kuitwa ushirikiano wa maendeleo kitu ambacho kinakatwa pale tu unapojaribu kulinda kiwanda chako. Uingereza mwaka 1700 ilipitisha sheria kuzuia vitambaa vya pamba vilivyochapwa kutoka India ili wafumaji wao wapumue, na hakuna aliyewaambia wanavuruga biashara huria. Sisi tukijaribu robo ya hapo tunaitwa mezani.

Halafu hiyo AGOA yenyewe tuliyoilinda, ilifika mwisho 30 Septemba 2025 bila kuongezewa muda, ikaja kuongezwa Februari 2026, tena hadi mwisho wa mwaka huo tu. Wale walioachana na mpango wa mitumba ili wasiipoteze wakaamka siku hiyo wanasubiri bunge la Washington, na kule Athi River watu wakabaki kwenye cherehani hawajui oda inayofuata itakuja kwa ushuru gani.