Wiki Tatu Bila Sauti, Bado Mnanunua Dawa ya Kikohozi?

Mtu akikaukwa na sauti, kila anayemsikia ana dawa ya kumwelekeza. Siku za mwanzo sina ugomvi na hilo. Mara nyingi ni virusi vya mafua vimevimbisha koo, na sauti hurudi yenyewe ndani ya wiki moja au mbili. (Antibiotiki haziui virusi, kwa hiyo hapo ni kupoteza pesa.)

Ninachokipinga kwa nguvu zote ni kuendelea hivyo hivyo hadi mwezi wa pili, chupa baada ya chupa, bila yeyote kuzitazama nyuzi za sauti.

Tunapoongea, nyuzi hizo hutetema zaidi ya mara 100 kwa sekunde, ndiyo maana hata kiuvimbe kidogo huharibu sauti. Saratani inayoanzia hapo hujitangaza mapema, na ikikamatwa changa wagonjwa wengi hupona, tena mara nyingi bila kuondolewa koo. Ni saratani ngapi zinazotupa nafasi ya namna hiyo? Inaniuma sana kuona nafasi hiyo ikipotezwa kwa kusubiri.

Na pengine koo lenyewe ni zima kabisa. Neva inayoendesha uzi wa kushoto hushuka kwanza hadi kifuani, hupita chini ya mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, ndipo ipande tena kooni. Uvimbe wa pafu ukiibana, au mshipa huo ukitanuka, dalili ya kwanza inaweza kuwa sauti dhaifu yenye pumzi nyingi. Saratani ya tezi ya shingo nayo huweza kuigusa neva hiyo. Hakuna dawa ya kikohozi inayofika huko.

Kutazama si jambo gumu. Mwaka 1854 Manuel García, mwalimu wa uimbaji, aliziona nyuzi zake mwenyewe kwa vioo na mwanga wa jua. Leo daktari wa masikio, pua na koo hupitisha kamera nyembamba puani, na kwa dakika chache amemaliza. Mwongozo wa madaktari wa Marekani wa 2018 unataka hilo lifanyike sauti isiporudi ndani ya wiki nne. Mimi nasema wiki tatu zinatosha. Na anayevuta sigara, mwenye uvimbe shingoni, anayekohoa damu au kupata shida kumeza asingoje hata hizo. Anayehema kwa shida aende hospitali leo hii.