Senario Iliyochapwa Haimfanyi MJ Kuwa Mvivu

Kwenye meza za michezo ya kuigiza wahusika hapa Bukavu kuna lawama isiyoisha: MJ (maître du jeu, anayesimulia hadithi na kuongoza mchezo) anayeongoza senario iliyochapwa, yaani hadithi iliyoandaliwa tayari kitabuni, hana ubunifu, anasoma tu kitabu cha mwingine. MJ wa kweli, wanasema, hutunga dunia yake.

Hawajakosea kabisa. Senario inadhani wachezaji watashika njia fulani, na MJ aliyeikariri neno kwa neno hukwama pale wanapogeuka kushoto. Nyingine ni ndefu mno: Curse of Strahd ya mwaka 2016 ina kurasa 256, na meza inayokutana Jumamosi alasiri, ikivunjika kabla ya giza ili watu wawahi kurudi mitaa ya Kadutu na Bagira, itahangaika nayo miezi na miezi. Isitoshe, kitabu ni Kiingereza au Kifaransa, meza inacheza Kiswahili.

Lakini anayeanza kwa kutunga hukosa kitu kisichoonekana mpaka kiharibike: vipimo. Chukua Lost Mine of Phandelver, senario ya kurasa 64 iliyokuja ndani ya kisanduku cha wanaoanza mchezo wa Dungeons & Dragons mwaka 2014. Pambano la kwanza ni goblini (viumbe wadogo waovu) wanne waliojificha vichakani, karibu na farasi wawili waliokufa barabarani. MJ mgeni anaona wanne ni wachache, anaongeza wawili.

Tupige hesabu. Goblini hurusha kete ya pande 20, anajumlisha 4. Mchawi wa ngazi ya 1 mwenye kinga 12 (jumla ambayo shambulio lazima liifikie) na pointi 8 za uhai hupatikana kete ikitoa 8 au zaidi, yaani asilimia 65. Kila pigo humpunguzia uhai kwa kete ya pande sita, jumlisha 2. Goblini wawili wakimwandama huyo mmoja, uwezekano wa wote kumpata ni asilimia 42, na wakimpata wote, karibu kila mara anaanguka. Hapo hatujahesabu faida ya kuvizia. Ukiongeza goblini wawili, mtu aliyekuja kucheza kwa mara ya kwanza anaweza kulala chini kabla zamu yake haijafika. Huyo Jumamosi ijayo humwoni.

Senario hii imelifikiria hilo. Inaagiza goblini wawili wakimbilie kupigana kwa karibu, wawili wabaki nyuma wakirusha mishale, kwa hiyo si rahisi wote wamwangukie mmoja. Watatu wakishindwa, wa nne anakimbilia njia inayoelekea pangoni kwao, na kwa kutoroka kwake anawaonyesha wachezaji pa kwenda. Na wahusika wakishindwa? Hawauawi. Wanaachwa wamezimia, wanaporwa, na hadithi inaendelea. Ni sentensi chache sana, na ndizo anazoziruka MJ aliyesoma mpaka kwenye namba za goblini akafunga kitabu. Kisha kikao kikiharibika, lawama inaenda kwa senario.

Kuiongoza vizuri ni kazi. Soma yote mara moja, haraka, ukitafuta nani anataka nini. Kisha rudia sehemu ya kikao kijacho tu. Nakili kinga, uhai na mapigo ya kila adui kwenye karatasi moja. Usitegemee simu, umeme ukikatika tangu asubuhi PDF haitakusaidia. Maelezo yaliyoandikwa ili yasomwe kwa sauti usiyafasiri papo hapo, maana utasitasita na meza itapoa. Yaandike nyumbani kwa Kiswahili, sentensi tatu: kinachoonekana, kinachosikika, kinachosogea. Na kama kuna siri ambayo hadithi haisogei bila hiyo, iweke mahali patatu, kwa sababu wachezaji watapita mbili bila kuziona.

Wapo pia wanaodai senario hizi ni za Wazungu, hazituhusu. Mimi naona tatizo liko upande wa pili kabisa. Ndani ya Lost Mine of Phandelver kuna mgodi unaogombewa, mizigo inayoporwa njiani, mwenye mali aliyetekwa: anayejua barabara za Kamituga au Uvira hahitaji kuelezwa. Hadithi hii inatugusa mno, na pengine kuna mtu mezani ambaye jambo kama hilo limemkuta kweli. Hapo kitabu hakitakusaidia, ni wajibu wa MJ. Kabla ya kikao, muulize kila mmoja faraghani kama yuko tayari kwa shambulio la barabarani. Mmoja akikataa, usimdai sababu. Anza na farasi waliokufa zamani, wavamizi wameshaondoka, alama za miguu zinaingia msituni. Karibu na mlango wa pango, ng'ambo ya kijito, goblini wawili wanalinda zamu kichakani. Hao wanatosha kwa pambano la kwanza.