Jiwe Lilikuwa Kiazi

Mwaka jana niliapa kwamba Pasaka ya nyumbani kwetu haitakuwa tena pilau na nguo mpya tu. Wanangu wataishika kwa mikono yao. Basi Ijumaa Kuu, mvua ya Mbeya ikiwa imetufungia ndani, tukaingia kazini. Boksi la viatu tukalipaka udongo, likawa kaburi. Yesu alikuwa kibanio cha nguo cha mbao. Tukamchorea macho na ndevu, tukamviringishia leso yangu nyeupe. Jiwe ndilo lilitusumbua, maana ya uani yote yalikuwa tope tupu na mama watoto ndiyo kwanza amedeki. Nikachukua kiazi kikubwa jikoni. Mbeya kuna siku utakosa umeme, viazi hukosi.

Mpango: Jumapili saa 10 alfajiri ninyate, nivingirishe kiazi, nimtoe Yesu, leso niikunje niiache humo, ndipo niwaamshe.

Nikasahau kwamba mama yangu amekuja kula sikukuu, na mama hajui kukaa bure.

Jumamosi saa 5 asubuhi mdogo, wa miaka 5, akaja mbio. "Baba! Kaburi liko wazi!"

Kweli. Jiwe hakuna, Yesu hakuna, hata leso hakuna.

"Mama, kuna kiazi kilikuwa hapa…"

"Kile cha kwenye boksi chafu? Kipo kwenye mchuzi."

Leso alishaifua. Yesu tulimkuta uani kwenye kamba, ameibana bukta yangu, ndevu zinachuruzika wino. Nikajikakamua kueleza habari ya siku ya tatu. Mdogo akahesabu vidole, akaniangalia kwa huruma.

Sasa, sisi Wamoravian ibada ya Pasaka huanzia makaburini kabla jua halijachomoza, kama vijana wa Herrnhut, kule Ujerumani, walivyoianzisha mwaka 1732. Tulisimama kwenye baridi, watu wamejifunika mablanketi, kimya. Mchungaji akapaza sauti:

"Bwana amefufuka!"

"Amefufuka kweli kweli!"

"Jana!" mwanangu akasahihisha.

Vichwa vikageuka. Akadhani hawajamwelewa.

"Bibi alilipika lile jiwe!"

Mama akajifunika kitenge mpaka machoni. Mabega yake yaliendelea kutikisika hadi sala ya mwisho.